Thonny kwa wanaoanza: kihariri kizuri, ila Python uipunguze mwenyewe

Laptop ya mtumba kutoka Kariakoo, RAM GB 4, Windows 7 au 10, betri isiyofika saa moja: hiyo ndiyo mizani tunayoipimia Thonny hapa. Programu inayokwenda vizuri kwenye mashine mpya ya ofisini Masaki haimsaidii mwalimu wa Mbagala mwenye vijana kumi na tano na kompyuta sita.

Thonny ni kihariri cha bure cha kuandikia Python, lugha ya kutengenezea programu za kompyuta. Kimetoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mikononi mwa Aivar Annamaa, na kilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Wengi hukisifia wepesi wa kukipakia. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kwa mwalimu swali zito ni jingine: je, kinaifanya lugha yenyewe iwe nyepesi kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja? Kwa kiasi. Kinaifanya lugha ionekane. Kuipunguza hakiipunguzi, na Python ya leo inahitaji kupunguzwa.

Kuipakia

Faili la kupakia kwa Windows ni kama MB 20 na kidogo, na Python yenyewe imo humo humo. Hapo ndipo VS Code, kihariri kingine cha bure, inapoachwa mbali. Huko unapakua kihariri, kisha Python peke yake, kisha kiongezi cha Python, kisha unaonyesha ni Python ipi itumike, na kila hatua ni mahali pa mwanafunzi kupotelea na bando kuishia. Kwa Thonny, mwalimu anapakua mara moja, anaweka kwenye flashi, anazunguka mashine kwa mashine bila intaneti.

Angalia faili unalochagua. Thonny 4.1 ya kawaida inakuja na Python 3.10 ya biti 64, na hiyo haifanyi kazi kwenye Windows 7. Kwenye ukurasa huo huo wa kupakua kuna faili la biti 32 lenye Python 3.8, na hilo ndilo la mashine za zamani. Kuna pia toleo la kubeba: unalifungua tu ndani ya folda na kubofya thonny.exe, hakuna cha kusakinisha. Linafaa kwenye kompyuta za shule ambazo nywila ya msimamizi anaijua mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo. Hata kisakinishi cha kawaida kinakuruhusu kuchagua kusakinisha kwa mtumiaji mmoja bila nywila hiyo.

Ukiifungua mara ya kwanza unakuta sehemu mbili tu: juu unaandika, chini unaona majibu. Kabla ya somo la kwanza nenda kwenye menyu ya View, weka tiki kwenye Variables. Dirisha dogo litatokea upande wa kulia likionyesha kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, pamoja na thamani yake. Usifundishe bila dirisha hilo.

Mistari mitatu ya nauli

Thamani ya Thonny inaonekana kwenye programu kama hii, ambayo karibu kila anayeanza ataiandika siku ya pili:

    nauli = input("Nauli ya kwenda: ")
    jumla = nauli * 2
    print("Kwenda na kurudi:", jumla)

Mwanafunzi anaandika 600, anabonyeza Enter, kompyuta inamjibu 600600. Hakuna kosa lililotangazwa wala maandishi mekundu. Daladala ya laki sita!

Kwenye kihariri cha kawaida mwalimu ataanza kueleza kwa mdomo kwamba input siku zote inaleta maandishi, hata kama umeandika tarakimu. Kwenye Thonny anamwambia abonyeze Ctrl na F5 badala ya F5 peke yake, kisha F7 taratibu. Mstari wa pili unafunguka, neno nauli linabadilishwa mbele ya macho yake na kuwa '600', likiwa na alama za nukuu. Bonyeza tena: '600' mara 2 inakuwa '600600'. Zile alama mbili ndogo za nukuu zimemaliza hotuba ya dakika kumi. Anarudi juu, anaandika int(input("Nauli ya kwenda: ")), anapitia tena hatua kwa hatua, safari hii anaona 600 tupu, halafu 1200.

F6 inaruka mstari mzima, F7 inaingia ndani ya mstari. Waanze na F7, wakishazoea wahamie F6.

Ukifika kwenye funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina unachokiita kikufanyie kazi, mambo yananoga zaidi. Chukua hii ya konda:

    def chenji(pesa, nauli):
        baki = pesa - nauli
        return baki

    print(chenji(2000, 600))

Ukiingia kwa F7, Thonny inafungua dirisha jipya juu ya lile la kwanza, lenye pesa, nauli na baki za humo ndani tu. Ikifika return, dirisha linajifunga, na pale palipoandikwa chenji(2000, 600) panasomeka 1400. Sasa mwambie mwanafunzi aondoe return aweke print(baki). Programu itaandika 1400, halafu chini yake None, na kwenye hatua kwa hatua ataona None ikikaa pale ilipokuwa 1400. Tofauti ya kuonyesha na kurudisha huwasumbua watu hata miezi sita baada ya kozi. Hapa inaonekana kwa kubonyeza mara chache.

Mikato ya bei

Python ilitengenezwa Amsterdam na Guido van Rossum, ikatoka mwaka 1991. Alikuwa amefanya kazi kwenye lugha ya ABC, iliyokusudiwa watu wasio wataalamu, na kule ndiko kulikotoka utaratibu wa kupanga mistari kwa nafasi badala ya mabano. Asili yake basi ni ya upole. Lakini inakubali mambo mengi mno, na kinachomuumiza anayeanza ni kile inachokikubali kimyakimya.

Mfano unaotuhusu sana. Bei ya mchele tunaandika 12,500. Mwanafunzi anaandika:

    bei = 12,500

Python haikatai. Inaona vitu viwili, 12 na 500, inavifunga pamoja. Akizidisha kwa 2 anapata (12, 500, 12, 500). Akijumlisha 500 ndipo kosa linapotokea, mstari wa tatu au wa nne, mbali na pale alipokosea. Dirisha la Variables linasaidia hapa kwa sababu litaandika (12, 500), na mwanafunzi mwenye macho ataona mabano ambayo hakuyaweka. Akiandika 12,050 atazuiwa papo hapo, maana Python haipokei namba nzima inayoanza na sifuri. Kwa sababu hiyo hiyo namba ya simu inayoanza na 07 inakataliwa, na ujumbe wa kosa unaanza kumsimulia habari za hesabu za msingi wa nane ambazo hakuziuliza. Namba ya simu iandikwe ndani ya nukuu kama maandishi, kwani hakuna anayejumlisha namba za simu.

Na int() nayo ina tabia zake. Inavumilia nafasi kabla na baada ya namba, haivumilii mkato. Anayejibu 12,500, au 600/= kama tunavyoandika kwenye risiti, atakutana na ValueError. Haya yasemwe siku ile ile unayofundisha input.

Unachopaswa kukata

Mitaala mingi inakosea kwa kufuata mpangilio wa kitabu cha lugha. Kwa wiki nane za mwanzo, zenye masomo mawili ya saa moja na nusu kwa wiki, Python ya darasa itoshe kwenye ukurasa mmoja: print, input, int, if pamoja na elif na else, for, while, orodha, def na return. Hesabu zake ni + - * // (kugawa bila desimali) na % (baki ya kugawa). Basi.

Alama ya / tumeiacha makusudi. 3600 / 6 inatoa 600.0, na swali la "hiyo nukta sifuri imetoka wapi" litakula robo saa kabla hujajua. Shilingi yetu haina senti tunazotumia dukani, kwa hiyo // inatosha, na ukiiunganisha na % unapata zoezi zuri kuliko yote ya mwezi wa kwanza: gawa chenji ya 3700 kwa noti na sarafu. 3700 // 2000 ni 1, 3700 % 2000 ni 1700. Endelea na 1000, kisha 500, kisha 200. Konda anaifanya kichwani huku akining'inia mlangoni.

Kwenye print tumia mkato tu kutenganisha vitu, kama mfano wa nauli hapo juu. Kuunganisha maandishi na namba kwa + kunaleta TypeError, na f mbele ya nukuu, ya kuchomeka kigeu ndani ya maandishi, ni nzuri lakini ni sarufi ndogo ndani ya sarufi. Njia moja ya kufanya jambo moja. Mwenye haraka ataziona nyingine mtandaoni, na si kosa lake, ila zisipimwe kwenye mtihani.

Kwenye vitanzi, yaani maagizo ya kurudia, anza na for juu ya orodha ya vitu halisi, kabla ya range:

    vituo = ["Mbezi", "Kimara", "Ubungo", "Magomeni", "Kariakoo"]
    for kituo in vituo:
        print("Tunashusha", kituo)

Inasomeka kama kauli ya kawaida na haina mahali pa kukosea hesabu. range ije baadaye, kwa sababu range(1, 5) inaishia 4 na kila darasa litakuwa na mtu wa kulalamikia hilo kwa haki kabisa. while ije mwisho. Kitanzi kisichokoma ni jambo la kawaida, na kwenye Thonny kinazimwa kwa kitufe chekundu cha Stop au Ctrl na F2.

class, try, lambda, orodha zinazotengenezwa kwa mstari mmoja, match iliyoingia na Python 3.10, alama ya := iliyoingia na 3.8: zote nje. Ile ya mwisho ilizua ubishi mkubwa kiasi kwamba van Rossum aliachia uongozi wa lugha mwaka 2018. Kama iliwagawa wakubwa, kijana wa kidato cha pili haihitaji wiki ya tatu.

Lalamiko letu kubwa kwa Thonny liko hapa. Hakuna mahali pa kuiambia "darasa hili bado halijafika kwenye lambda". DrRacket, mazingira ya lugha ya Racket, ina ngazi za lugha: ukichagua ngazi ya anayeanza, kitu cha ngazi ya juu kinakataliwa, na ujumbe wa kosa unazungumza kwa maneno ya ngazi yako. Hedy, lugha ya kufundishia aliyoianzisha Felienne Hermans wa Uholanzi, imekwenda mbali zaidi. Ngazi ya kwanza haina hata alama za nukuu, zinaletwa ngazi ya nne, na mwisho wa safari unakuwa umefika kwenye Python yenyewe. Wazo ni zuri sana. Ila Hedy inatumika kwenye kivinjari, na darasa linalotegemea bando la simu ya mwalimu litaijua adha yake. Scratch, ambayo programu hupangwa kwa vipande vya rangi, ni ya watoto. Kwa kijana wa miaka kumi na sita anayetaka kazi, vile vipande vya rangi humfanya ahisi anachezewa.

Kwa hiyo mwalimu wa Thonny anabaki na kisu mkononi mwake mwenyewe. Chapisha ule ukurasa mmoja, ubandike ukutani, na uushike wewe kwanza.

Kiswahili ndani ya msimbo

Majina ya vigeu yawe ya Kiswahili. Herufi zetu hazina vialama vya juu wala chini, hivyo hakuna kinachogoma, na faida yake ni kwamba mwanafunzi anatofautisha mara moja maneno ya Python na maneno yake. Akiona price na print na input mstari mmoja hajui lipi lake. Akiona bei, anajua.

Kuna mtego mmoja tu, nao ni ng'. Jina la kigeu haliwezi kuwa ng'ombe, na hata kwenye maandishi angalia:

    print('Ng'ombe wawili')

Python inadhani maandishi yameisha baada ya Ng, na inaishia kulalamika kwamba kuna maandishi hayajafungwa. Thonny inapaka rangi sehemu ile iliyobaki wazi, kwa hiyo jicho linakwenda pale pale. Fundisha nukuu mbili tu, "Ng'ombe wawili", tangu siku ya kwanza, na tatizo halitazaliwa. Anayetaka kigeu aandike ngombe.

Msimbo unaotumwa kwa WhatsApp nao una magonjwa yake. Kibodi ya simu inaweza kukunja alama za nukuu, na Python haizitambui zilizokunjwa. Itasema invalid character na namba kama U+201C. Simu pia inakuza herufi ya kwanza, print inakuwa Print, na unapata NameError. Nafasi za mwanzo wa mstari nazo zinaweza kupotea njiani. Tuma faili lenyewe la .py kama hati, usibandike maandishi kwenye ujumbe.

Zoezi jingine ambalo limetoka kwetu kabisa ni saa. Kubadili saa ya kizungu kuwa yetu ni (saa - 6) % 12, na jibu likiwa 0 basi ni saa 12. Saa 20 ya kizungu inatoa 2, saa mbili usiku. Jaribu saa 3 alfajiri: 3 - 6 ni -3, na Python inasema -3 % 12 ni 9, saa tisa usiku, sahihi. Kwa lugha ya C ungepata -3 na darasa lingekwama kwenye hesabu hasi.

Inapochosha

Ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza, na dirisha la Assistant linalojifungua kosa likitokea linaongeza Kiingereza kingine. Mara nyingine linashauri mambo ya mtindo wa uandishi ambayo hayahusiani na kosa. Lifunge kupitia View. Badala yake andika kwa mkono tafsiri ya makosa matano: NameError, jina halijulikani, angalia tahajia, SyntaxError, sentensi imekatika, angalia mabano na nukuu, pia mstari wa juu yake, IndentationError, nafasi za mwanzo hazijalingana, TypeError, umechanganya maandishi na namba, ValueError, maandishi uliyoleta hayageuki kuwa namba. Matano hayo yanatosha karibu muhula mzima.

Hatua kwa hatua ni nzito. Kwenye kitanzi cha mara kumi ni raha, kwenye mara elfu kumi utakwenda kunywa chai. Tumia data ndogo unapokagua.

Umeme ukikatika, usichohifadhi kimekwenda. F5 huhifadhi faili lenye jina kabla ya kuliendesha, kwa hiyo wazoeshe kutoa jina faili likiwa bado tupu na kubonyeza F5 kila baada ya mistari mitatu minne. Jina lenyewe lisiwe random.py wala turtle.py, maana litaziba maktaba ya Python yenye jina hilo. Thonny huonya wakati wa kuhifadhi. Watu hubonyeza tu ndiyo.

Na kwenye simu za Android haipo. Mwanafunzi ambaye kompyuta anaiona darasani tu hatakuwa na mahali pa kurudia zoezi nyumbani, na kwa Dar hilo ni pengo kubwa kuliko kasoro zote nilizotaja. Mazoezi ya karatasi yanaziba sehemu: mpe programu ya mistari sita na jedwali tupu la vigeu, ajaze kwa penseli kila thamani inavyobadilika, kesho yake akague kwa F6.

Darasa likishamaliza ule ukurasa mmoja, Thonny bado ina kazi. Raspberry Pi Pico, kibao kilichotoka mwaka 2021 kwa dola 4 za Marekani, kinaandikiwa MicroPython, Python iliyopunguzwa kwa vibao vidogo, humo humo: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka waya wa USB, kisha bofya kona ya chini kulia na uchague kuiweka MicroPython. Ikiwa kompyuta haikioni kibao, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Nyaya nyingi za bei rahisi ni za kuchajia tu, hazipitishi data.